Ugonjwa Uliozidi Cheo

Siku ya pili ya safari, kama saa nne asubuhi, gurudumu la kushoto la mkokoteni lilianza kulia. Nikasimama nitafute mafuta ya kulipaka, lakini dada yangu Sikudhani akanizuia.

"Liache lilie, Mshamu. Kati yetu sisi watatu, angalau mmoja ana ruhusa."

Basi nikaendelea kusukuma. Tulikuwa tunatoka nchini. Dada amelala chali juu ya magunia mawili ya makapi ya mpunga, mguu wa kulia umepandishwa juu ya mto, juu ya mguu nimefunika tenga la kubebea kuku, na juu ya tenga nimetandaza khanga. Tenga lilikuwa la kuizuia khanga. Mtu aliyeshikwa na jongo la mguu, wengine huliita gauti, haguswi na nguo. Khanga nyepesi ikitua kwenye kile kidole gumba, kwake ni kama umemtwisha jiwe la kusagia. Na kufunika ilikuwa lazima, kwa sababu kidole kile kilikuwa kosa la jinai.

Jina la nchi silitaji, na sababu si woga. Imebadilishwa jina mara tano tangu niifahamu, kila jubilei na jina lake, na mara zote tano mimi nilikuwa safarini. Nikisema la zamani nitaonekana mpinzani, na la sasa silijui vizuri. Niseme tu ni nchi nzuri, ina mito, na serikali yake inafanya kazi mpaka siku za mapumziko.

Namna kidole kilivyokuja kuwa kosa ni hivi.

Kiongozi wa nchi ile anaitwa Baba Mlezi. Ni mtu wa maini, figo, ulimi na supu ya utumbo, na bia ya kushushia. Alfajiri moja, miaka ishirini na tatu iliyopita, aliamka akipiga kelele. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba, chekundu, kinawaka. Madaktari walikuja saba. Sita walinyamaza. Wa saba, ambaye nia yake ilikuwa kumfariji mgonjwa, akasema, "Mtukufu, hili ni jongo. Tangu zamani ni ugonjwa wa wafalme. Haliwashiki watu hivihivi."

Angesema tu "kunywa maji mengi" historia ya nchi ile ingekuwa nyingine.

Wiki iliyofuata jongo lilitangazwa kwenye gazeti la serikali kuwa Tunu ya Taifa. Mwezi haukuisha, baraza zima la mawaziri lilikuwa linachechemea. Ikaundwa Wizara ya Mguu. Viatu vya wakubwa vikakatwa ncha upande wa kulia ili kidole kilichofungwa bendeji kionekane: bendeji nyeupe mkurugenzi, ya kijani naibu waziri, ya zambarau waziri, na ya dhahabu mtu mmoja tu. Chuo cha watumishi waandamizi kikaanzisha masomo ya miezi mitatu ya kuchechemea: kuna mchechemeo wa kikaoni, wa uwanja wa ndege, na wa msibani ambao ndio mgumu kuliko yote, kwani inabidi mtu aonekane anaumia bila kumpita marehemu.

Sisi wengine tukapewa Sheria ya Kulinda Hadhi ya Mguu. Kifungu cha pili kinasema mtu aliye chini ya daraja la tatu la utumishi haruhusiwi kuchechemea bila kibali. Mimi nilimwona kwa macho yangu bwana mmoja sokoni amekanyaga msumari. Akatembea wima, taratibu, anasalimia watu kushoto na kulia, mpaka nyuma ya choo cha manispaa. Huko ndiko akakaa chini akalia. Ni nchi yenye nidhamu sana.

*

Sasa dada yangu. Sikudhani alikuwa mwonjaji wa Ikulu.

Kazi yenyewe ni hii: chakula cha Baba Mlezi hakiliwi na Baba Mlezi mpaka kwanza kiliwe na mwonjaji. Na si kijiko kimoja, maana kanuni zinasema sumu nyingine ni ya polepole, haionekani kwa kijiko. Mwonjaji anakula kiasi kilekile, sahani kwa sahani, glasi kwa glasi, kisha anakaa kwenye kiti akitazamwa kwa dakika arobaini. Dada alifanya hivyo kwa miaka ishirini na minne. Alikuwa daraja la kumi na nne, ambalo ndilo la mwisho, chini yake kuna farasi wa gwaride. Bia hakuipenda hata siku moja. Akirudi kwake alikuwa anapika mchicha na kuula kimya kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Kwa hiyo, jongo lilipotafuta watu wa kushika katika nchi ile, liliwakuta wawili tu: Baba Mlezi na dada yangu. Wale wengine wote walikuwa na bendeji.

Lilimshika miaka minane kabla ya safari yetu, alfajiri vilevile. Akadhani amejigonga kwenye mguu wa kitanda. Jirani akamkanda kwa mafuta ya nazi, jambo ambalo halifai kabisa, akazimia. Alipozinduka ilikuwa saa kumi na mbili, na saa moja anatakiwa kazini kuonja kifungua kinywa. Akavaa viatu, akatembea wima mpaka Ikulu. Baada ya siku kumi maumivu yakaondoka yenyewe. Baada ya miezi mitano yakarudi. Kisha miezi mitatu. Kisha yakawa hayaondoki, yanapumzika tu.

Aliniandikia barua. Mimi wakati ule nilikuwa nafyatua matofali mji mmoja, kabla ya hapo nilikuwa nauza chumvi mji mwingine, na barua ilinifuata mji kwa mji miaka miwili kabla ya kunikamata. Ilikuwa na mistari mitatu. Salamu. Kisha: kuna kidole kinanisumbua. Kisha: ukipita njia hii, karibu.

Ukipita njia hii. Mimi nikaelewa hivyohivyo, kwamba nikipita. Nikapita baada ya miaka mitano mingine.

*

Nilimkuta amevimba uso. Kwenye masikio na kwenye vifundo vya vidole alikuwa ameota vinundu vyeupe, ukivitazama utasema punje za mchele zimeingia chini ya ngozi. Ukimuuliza anasema ni uzee. Ni mkubwa wangu kwa miaka minne tu, na mimi nilikuwa nimetoka kutembea siku sita.

Nikamtafuta tabibu. Aliyekuwepo ni Tabibu Ngwali, aliyewahi kuendesha zahanati nzuri, mpaka siku aliposema mbele ya watu kwamba jongo linazuilika. Akahamishiwa mnadani kupima uzito wa mbuzi. Ndiko nilikomkuta, amekaa kando ya mizani, koti lake jeupe limepigwa pasi.

"Usizungumze na mimi," akaniambia. "Zungumza na mbuzi. Mimi nitamjibu mbuzi."

Nikamweleza mbuzi habari za dada yangu. Tabibu Ngwali akashika sikio la yule mbuzi, akalitazama, akaanza kumwambia:

"Sikiliza, bwana mbuzi. Kwenye damu kuna uchafu unaoitwa asidi ya yuriki. Kila mtu anao. Figo zinauchuja, unatoka na mkojo, mambo yameisha. Sasa ukila maini kila siku, na figo, na dagaa wa kukaanga, na bia juu yake, uchafu unazidi. Figo zinashindwa. Ule uchafu unakwenda kujificha kwenye kiungo, hasa kidole gumba cha mguu, unaganda, unakuwa chembechembe zenye ncha kama chupa iliyosagwa. Ndiyo yale maumivu. Mtu anatembea juu ya chupa."

"Dawa?" nikamuuliza mbuzi.

"Dawa ipo, tena si ya ajabu. Siku za maumivu unapandisha mguu juu, unaweka kitambaa cha maji baridi, hukandi, na kuna kidonge cha kutuliza uvimbe. Yakishapoa unaanza kidonge kingine cha kupunguza ule uchafu, kila siku, umeumwa hujaumwa, mpaka kufa kwako kwa uzee. Unakunywa maji. Unaacha maini. Basi! Mtu anaishi na jongo miaka hamsini na anacheza ngoma." Akaliachia sikio. "Lakini ukiliacha linaota vinundu, na linaziua figo. Uso umevimba?"

"Umevimba."

"Kwikwi anayo?"

"Tangu juzi."

Akamtazama mbuzi kwa muda, mbuzi naye akamtazama. "Kilo ishirini na moja," akasema kwa sauti kubwa, watu wasikie. Kisha kwa chini: "Mpeleke mahali wakamwangalie figo. Una wiki chache, mzee. Usihesabu miezi."

"Hapa nchini?"

"Vidonge vyote vya nchi hii viko ghala la Wizara ya Mguu. Nenda ukaombe. Ukifanikiwa, nijulishe, nitaacha kupima mbuzi."

*

Wizara ya Mguu ina ghorofa sita na haina lifti, ili watumishi wapate mahali pa kuonyesha wanavyopanda kwa taabu. Nilipokelewa na Naibu Waziri, Mheshimiwa Bakunda, mtu mwenye adabu sana. Alikuja toka dirishani hadi mezani akichechemea vizuri mno, nikamhurumia kwa moyo wote.

"Mheshimiwa," nikasema, "samahani. Leo ni mguu wa kushoto?"

Akajitazama chini. Bendeji ya kijani ilikuwa kulia. Akakohoa, akabadilisha, akakaa.

"Uchovu wa kazi," akasema. "Karibu, mzee wangu. Una haja gani?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akafumba macho, akaanza kusema kama vile kuna redio chumbani.

"Ndugu mwananchi. Serikali imesikia kilio chako, na imekipokea kwa masikitiko ya kiwango cha juu. Lakini hebu tujiulize kwa utulivu. Dada yako ni daraja la kumi na nne. Jongo linaanzia daraja la tatu. Je, amelipataje? Kwa chakula cha Ikulu. Chakula cha Ikulu ni cha nani? Cha serikali. Basi na kilichotokana nacho ni mali ya serikali. Dada yako, ndugu yangu, bila shaka kwa kutojua, ametoka na mali ya serikali mwilini na kukaa nayo nyumbani kwa miaka minane. Sisi hatutaki kumshtaki mama wa watu. Tunamwomba tu airudishe."

"Airudishe vipi, Mheshimiwa?"

"Hilo ni suala la kitaalamu. Kamati inalitazama."

"Mngempa vidonge si ndiyo angekuwa ameirudisha?"

Akafumbua macho. Niliona wazo limempendeza, kisha nikaona limemtisha.

Akanipeleka ghalani nikaone mwenyewe, kwa sababu ni nchi ya uwazi. Makopo yamepangwa toka sakafuni hadi darini, mapya, yamefungwa. Nikamuuliza mbona hayajafunguliwa. Akanijibu kwa kunong'ona kwamba wenye haki ya kuyatumia hawayataki. Mtu akimeza atapona, akipona atafungua bendeji, akifungua bendeji atashuka daraja. Alikuwepo mkurugenzi mmoja, mkewe alimwonea huruma akawa anamsagia vidonge kwenye uji. Bwana yule hakuwa na jongo, kwa hiyo hakupona chochote, lakini habari zilipofika ofisini akafukuzwa kwa kosa la kupona bila idhini.

"Basi nipe kopo moja," nikasema. "Moja tu. Wewe hulitaki, wao hawalitaki. Dada yangu anakufa."

Mheshimiwa Bakunda aliweka mkono wake juu ya kopo moja. Akauacha pale kidogo. Nadhani mtu yule angezaliwa mahali pengine angekuwa mwema.

"Kopo likipungua itabidi pawe na mgonjwa," akasema. "Nitamwandika nani?"

Alichoweza kunipa ni karatasi: Kibali cha Kutoka Nchini kwa Matibabu ya Mguu. Akaigonga muhuri mwenyewe. Akanitakia safari njema na akanisindikiza hadi kwenye ngazi, mguu wa kulia.

Kazi ya mwonjaji haina likizo, lakini wiki ile Baba Mlezi hakuwepo. Alikuwa amekwenda ng'ambo, taarifa ya habari ilisema, kujionea maendeleo ya mguu katika nchi rafiki. Kila baada ya miezi mitatu huenda kujionea. Basi nikaazima mkokoteni.

*

Njiani tulizungumza kuliko tulivyozungumza maisha yetu yote.

"Unasukuma vibaya," alikuwa akiniambia. "Unasukuma kama mtu anayefukuzwa."

"Nimezoea kwenda peke yangu."

"Najua. Mimi ndiye niliyekufundisha kutembea. Mama alikuwa shamba, nakubeba mgongoni, ukawa mzito, nikakuweka chini nikakushika mikono miwili. Ukapiga hatua tatu. Nikashangilia." Kwikwi ikampita. "Ningejua hutasimama tena ningekubeba mwaka mmoja zaidi."

Nilikuwa nyuma ya mkokoteni, hakuniona uso.

Kila tulipofika penye maji nilimpa anywe. Alikunywa kwa utii, kidogokidogo, na mkojo haukutoka ila kidogo sana, mweusi kama chai iliyolala. Nililowesha kitambaa, nikakiingiza chini ya tenga, nikakilaza pembeni mwa kidole bila kukigusa. Alikuwa akishusha pumzi.

"Kwani ulishindwa kusema?" nikamuuliza. "Miaka minane, mbele ya watu wote wale, hata siku moja hukusema mguu unauma?"

"Nilimwambia Baba Mlezi."

Nikasimamisha mkokoteni.

"Alikuwa ameshikwa na jongo, amekaa kitini, analia. Hapakuwa na mtu ila mimi na sahani. Nikamwambia, Mtukufu, hata mimi. Akanitazama, Mshamu, akanitazama kama ndugu. Akaniuliza, na wewe hukuanza kama umejigonga? Nikasema ndiyo. Na shuka? Nikasema, Mtukufu, shuka ndiyo usiseme. Tukacheka. Kisha wakaingia watu, akaniambia nimalize figo, zinapoa."

*

Mpakani tulifika siku ya tatu saa tano. Pana kizuizi cha bomba lililopakwa rangi, kibanda, na ng'ambo ya kizuizi, kama mwendo wa kuvuta sigara moja, unaiona zahanati ya nchi jirani. Bati la kijani. Watu wamekaa kwenye benchi nje, mmoja anachechemea kwenda chooni na hakuna anayemtazama. Dada aliinuka kwa kiwiko akamwangalia yule mtu.

"Ni mkurugenzi?" akauliza.

"Sidhani. Amevaa kaptura."

Askari wa zamu aliitwa Afande Lukwaro, kijana safi, vifungo vinang'aa. Alisoma kibali chetu mara mbili akakisifu muhuri.

"Karibuni, wazee wangu. Utaratibu wetu ni mwepesi. Kila anayetoka anatoka kwa miguu yake mwenyewe, wala habebwi, tusije tukasafirishiwa watu. Mstari ule mweupe pale chini una hatua arobaini. Mama atautembea, wima, bila kuchechemea."

"Mama ni mgonjwa wa mguu," nikasema. "Imeandikwa hapo."

"Nimeona. Lakini akitoka nje anachechemea, atakuwa amevusha heshima ya taifa kwa magendo. Hapo nitamkamata, na sipendi kumkamata mama wa umri wake."

Dada akaniambia nimwondolee tenga.

Nilikataa. Nikasema nitarudi mjini nikaombe upya. Akasema, "Mji ule hata mimi naujua, Mshamu. Toa tenga."

Nikalitoa. Kidole kilikuwa cha rangi ya bilinganya, ngozi imevutwa mpaka inang'aa. Akakishusha kwenye vumbi kwanza kisigino, kisha unyayo, kisha chenyewe. Akasimama. Akajifunga khanga vizuri kiunoni kama mtu anayeingia kazini.

Akatembea. Sijapata kuona mtu akitembea vile, na nimeona watembeaji. Mgongo umenyooka, mikono inapepea kidogo, uso mtulivu. Alipofika katikati alimsalimia Afande. Jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni, lakini jua lilikuwa kali, kila mtu alikuwa na jasho. Mimi nilikuwa nahesabu kwa sauti bila kujijua. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini. Akashika bomba la kizuizi kwa mikono miwili.

Afande Lukwaro alipiga makofi. Ya kweli kabisa. "Mama," akasema, "tangu niletwe hapa sijaona mwendo kama huo."

"Miaka minane nafanya mazoezi," dada akamjibu.

Afande akakaa mezani, akaandika, akagonga, akanirudishia kibali. Juu yake palikuwa na mstari mwekundu kona hadi kona.

"Hiki nini?"

"Kibali ni cha matibabu ya mguu, mzee. Na huyu mguu wake mzima. Mimi mwenyewe ni shahidi."

Nilikigeuza kibali mbele na nyuma. Kisha nikauliza, "Na angechechemea?"

"Ningemkamata."

"Sasa hapa wagonjwa wanapitaje?"

Akafikiri. Alikuwa kijana mkweli. "Tangu utaratibu uanze hajapita mtu," akasema. "Ndiyo maana hatuna foleni."

Dada alianza kucheka. Alicheka ameshika bomba, kwikwi na kicheko vimechanganyika, mpaka Afande naye akacheka kwa adabu. Kisha miguu ikamwisha nguvu nikamdaka.

Mimi niliruhusiwa. Hati yangu ya safari, pale palipoandikwa madhumuni, nilijaza zamani: kutembea. Nikatembea hatua arobaini, tena nikajikwaa, Afande akasema kila kitu kiko sawa. Tukamkalisha dada kwenye kiti cha Afande kivulini, mguu juu ya magunia, nikafunika tenga. Nikamwambia, "Naenda na kurudi. Sasa hivi tu."

"Nenda," akasema. "Safari hii ya leo angalau naiona mwisho wake."

Nilikimbia. Pale zahanati niliruka foleni, watu wakanitukana, kisha wakaniona uso wakaniacha. Tabibu wa pale, mwanamke wa makamo, alinisikiliza amesimama. Hakuniuliza daraja. Aliuliza anakojoa kiasi gani. Nilipomjibu alivua miwani.

"Dawa za jongo ninazo, baba, rafu hii yote. Lakini mtu ambaye figo zake ziko hivyo simpi kwa kukadiria, dawa nyingine zitammaliza. Mlete. Nitamweka kwenye gari la hospitali saa hiihii."

"Hawamtoi."

"Kwa nini?"

"Ametembea vizuri."

Akavaa miwani tena. Kisha akafunga vidonge vichache kwenye karatasi, vya kuanzia, akaniandikia namna ya kutumia kwa herufi kubwa, na akamwita dereva alete gari la hospitali lingoje mpakani. Niliporudi kizuizini, Afande alipekua karatasi ile akaniruhusu kuingia nayo, kwani hakuna kifungu kinachokataza dawa kuingia.

Dada alikuwa kitini vilevile. Khanga haikusogea. Afande alikuwa amesimama mbele yake, kofia mkononi.

"Hakulalamika," akasema. "Nilimwona anahema vibaya. Nikamuuliza, mama, unaumwa? Akaniambia, kwa daraja langu, hapana."

*

Sikudhani alizikwa siku hiyohiyo mita mia mbili kutoka kwenye kizuizi, upande wa ndani. Baada ya wiki sita alipandishwa hadi daraja la tatu, ili cheti cha kifo kiweze kutaja ugonjwa bila kuvunja sheria.

Gari la hospitali lilingoja mpaka magharibi likaondoka.

Afande Lukwaro alipewa nishani ya kituo kisicho na foleni. Aliirudisha, akaulizwa sababu, akashindwa kueleza. Sasa analinda bwawa la maji.

Tabibu Ngwali yuko mnadani. Mbuzi wa wilaya ile wana afya nzuri.

Mheshimiwa Bakunda alishikwa na jongo la kweli mwaka jana. Alikuwa akichechemea kinyume na alivyofundishwa, maana mwenye maumivu hakumbuki masomo, akafunguliwa mashtaka ya kuidhihaki Tunu ya Taifa. Kesi inaendelea.

Baba Mlezi hajambo. Kila asubuhi anameza kidonge chake, anakunywa maji lita tatu, ameacha maini na bia, siku nyingi anakula mchicha. Mguu wake hauna tatizo lolote. Bendeji ya dhahabu hubadilishwa kila Ijumaa. Maini na figo bado hupikwa kila siku, kwa sababu orodha ya chakula cha Ikulu imo kwenye katiba, na bado huonjwa.

Waonjaji sasa ni wawili, wanawake wote. Nasikia mmoja wao siku hizi anatembea wima sana.

Mimi nimepanga chumba hapa karibu na kizuizi, upande wa ndani. Huu ni mwaka wa tatu, na sijawahi kukaa mahali pamoja muda kama huu tangu nipate akili. Wapita njia huniuliza nangoja nini. Singoji kitu.